Kutoka maranda hadi unga: vumbi la mbao katika karakana za nyumbani

Kiswahili kina neno zuri kwa takataka ya seremala: maranda. Limetokana na randa yenyewe, na linaeleza sawasawa kile ambacho chombo hicho hutoa, yaani vile vipande vyembamba vinavyojikunja kama maganda ya kitunguu, vinavyoanguka miguuni mwa fundi na kubaki hapo hapo hadi mtu aje avizoe kwa ajili ya banda la kuku au jiko. Maranda hayapai wala hayaingii puani. Fundi aliyefanya kazi kwa randa, patasi na msumeno wa mkono alichoka mabega, lakini jioni aliondoka na mapafu yaliyokuwa karibu na yale aliyokuja nayo asubuhi.

Karakana ya leo iliyo uani haitoi maranda kwa wingi. Inatoa unga. Msumeno wa meza, raunta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), mashine ya msasa na grinda iliyofungwa kisahani cha msasa zimeingia katika nyumba za watu wa kawaida, kuanzia kwa fundi anayetengeneza vitanda nyuma ya nyumba yake hadi kwa mstaafu anayejifurahisha kwa kuunda viti vya wajukuu. Mashine zimebadilika, ila tahadhari zetu ni zile zile za enzi za randa: kibanda kisicho na ukuta upande mmoja, kitambaa puani kazi ikizidi, na fagio ikifika magharibi. Naona kwamba wengi wetu tumenunua nusu ya mashine. Mashine ya msasa isiyounganishwa na kifaa cha kufyonza vumbi lake haijakamilika, kama vile jiko la gesi lisilo na mpira wa kuunganishia, na tofauti ni kwamba jiko la namna hiyo hukataa kuwaka, ilhali mashine ya msasa hufanya kazi bila kinyongo na kumwachia mwenyewe deni.

Mimi mwenyewe niliishi na deni hilo kwa miaka kadhaa bila kulijua. Karakana yangu imeezekwa kwa mabati ya mitumba, na bati moja lina tundu la msumari la zamani ambalo sikuwahi kuliziba. Mchana mmoja, karibu nusu saa baada ya kuzima mashine na kukaa kunywa chai, jua lilipenya kwenye tundu lile na kuchora mstari mweupe kutoka paani hadi sakafuni, na ndani ya mstari huo hewa niliyoidhani safi ilikuwa inachemka kwa chembe. Nje ya mstari sikuona chochote. Nilisogeza kikombe changu nje ya mwanga, kana kwamba hilo lingesaidia.

Sababu ya jambo hilo ni ukubwa wa chembe. Unywele wa binadamu una unene wa takribani maikroni 70 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na vumbi la msumeno tunaloliona limerundikana chini ya meza ni la chembe kubwa kuliko hizo, ambazo huanguka mara moja. Chembe ya maikroni 10, ikiwa kwenye hewa iliyotulia, huchukua takribani dakika 8 kushuka kutoka kimo cha kifua hadi sakafuni. Chembe ya maikroni 1 huchukua kama saa 12. Hewa ya karakana haitulii kamwe, kwa hiyo chembe hiyo ndogo kwa kweli haishuki. Huzunguka mpaka ipate mlango, ukuta au pua. Zile kubwa hukwama puani na kooni, na ndizo tunazozitoa kwenye leso zikiwa na rangi ya mbao tuliyopasua siku hiyo. Zile ndogo zaidi hupita hadi ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo kukohoa hakuzifikii. Maana yake ni kwamba fundi anayepima usafi wa hewa kwa kutazama sakafu anapima vumbi ambalo tayari limeshindwa kumfikia.

Kiasi kinachotosha kuharibu hewa ni kidogo mno. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2023, kiwango cha juu cha vumbi la mbao ngumu ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kukutana nacho, kwa wastani wa saa 8, ni miligramu 2 katika kila meta ya ujazo ya hewa. Tuchukue chumba cha karakana chenye meta 4 kwa 5 na kimo cha meta 2.5, ambacho hubeba meta 50 za ujazo. Ili chumba kizima kifikie kiwango hicho, zinahitajika miligramu 100 tu zilizotawanyika hewani, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, ambayo ni pungufu ya chumvi unayoibana kwa vidole viwili. Mtu anayepiga msasa uso wa meza ya mninga hutoa unga wa kujaza viganja. Sehemu ndogo sana ya unga huo ikibaki inaelea, hesabu imekwisha.

Madhara yake yalijulikana mapema, na yaligunduliwa na watu waliokuwa wanatazama wagonjwa wao tu kwa makini. Mji wa High Wycombe nchini Uingereza ulikuwa maarufu kwa utengenezaji wa viti, na daktari wa pua na koo aliyefanya kazi huko, Esmé Hadfield, aliona kwamba aina fulani ya saratani ya pua, ambayo kwa kawaida ni adimu sana, ilikuwa inawapata mno watu wa viwanda vya samani. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwamo Donald Acheson ambaye baadaye alikuja kuwa mganga mkuu wa serikali, walichapisha matokeo yao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lililiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lenye moshi wa sigara na asbesto. Jambo gumu katika ugonjwa huu ni kwamba unaweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza, na kwa hiyo haumfundishi mtu wakati angali anaweza kujirekebisha.

Hata hivyo sipendi kuwatisha watu kwa saratani, kwa sababu inabaki kuwa adimu, na mtu akitishwa kwa jambo adimu huona mwaka umepita salama akarudia mazoea yake. Yaliyo ya kawaida ni pumu inayoanza ukubwani, mafua yasiyoisha, kikohozi kinachopungua fundi akisafiri na kurudi siku ya pili ya kazi, pamoja na upele wa mikononi na shingoni. Baadhi ya mbao tunazoziheshimu kuliko zote ndizo zenye tabia hiyo. Mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Mtiki na mpingo vina kemikali zao za asili zinazoweza kuufanya mwili umkatae fundi aliyezizoea kwa miaka. Mninga hujulikana kwa kuchokoza pua. Wadudu hawaushambulii mti kwa urahisi kwa sababu ya kemikali hizo hizo, na sisi tunausifia uimara wake huku tukizivuta.

Karakana ya kiwandani hufungwa jioni na watu wakaenda kwao. Karakana ya nyumbani ndiyo kwao. Kwangu, dirisha la chumba walicholala watoto lilikuwa hatua sita kutoka kwenye meza ya kazi, na lilikuwa na wavu wa mbu uliobadilika rangi polepole kutoka kijani hadi hudhurungi. Mke wangu aliukung'uta mara moja kwa mwezi na kulalamika, naye alikuwa na haki. Mimi nilijibu kwamba angalau wavu unasaidia. Matundu ya wavu wa mbu yana upana wa zaidi ya maikroni 1,000. Ule ukoga wa hudhurungi ulikuwa ni vumbi kubwa lililonasa, na kila chembe iliyokuwa na madhara ya kweli ilikuwa imepita kama mgeni mwenye funguo.

Viwango vya kazini vimewekwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya anayekaa saa 8 na kupumzika saa 16. Mtoto anayelala, bibi mwenye pumu na mjamzito hawamo katika hesabu hiyo. Kwa watu wote na kwa chembe ndogo zisizozidi maikroni 2.5, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa saa 24 usivuke maikrogramu 15 kwa meta ya ujazo, na maikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu. Vipimo hivi viwili havipimi vumbi la aina moja, kwa hiyo haviwezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini umbali kati yake unaonyesha kwamba hewa inayovumilika kazini haifai kuwa hewa ya chumba cha kulala. Sheria nayo haitatusaidia sana hapa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Kenya ina yake ya mwaka 2007, lakini mkaguzi haji uani kwa mtu anayetengeneza kabati la jikoni kwa oda ya jirani. Mkaguzi ni mwenye nyumba.

Kosa la kwanza analofanya mwenye nyumba huyo akishatambua tatizo ni kununua feni. Nafahamu mantiki yake, kwa kuwa joto la Pwani humfanya mtu aone feni kuwa jibu la kila kitu, na kweli feni humwondolea jasho. Ila feni iliyowekwa nyuma ya fundi humletea hewa mgongoni, na hewa hiyo ikishamzunguka mwilini huacha mbele ya kifua chake eneo ambamo hewa inajirudia rudia, ikivuta vumbi kutoka mezani hadi usoni. Msimamo unaofaa ni upepo upite ubavuni, kutoka bega moja kwenda jingine, na utoke upande usio na nyumba. Kwa sisi wa Pwani kuna jambo zaidi. Kusi huvuma kutoka kusini kwa sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, na kaskazi hugeuza mambo kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Fundi aliyeweka meza ya msumeno wake Julai akaona vumbi linakwenda zake kwenye kichaka anaweza Januari kukuta linakwenda jikoni. Meza ya kazi yenye magurudumu ni uwekezaji mdogo ambao majahazi yangeuelewa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kufyonza ni kupuliza kulikogeuzwa. Sivyo. Mtu anaweza kuzima kibatari kwa kukipuliza akiwa mbali kiasi cha urefu wa mkono, lakini hawezi kukizima kwa kuvuta pumzi hata akikaribia hadi kuunguza nyusi. Hewa inayopulizwa kutoka kwenye bomba husafiri mbali na hubaki na sehemu ya kumi ya kasi yake hata kwenye umbali wa mara 30 ya upana wa bomba. Hewa inayofyonzwa hutoka pande zote, na kwa hiyo kasi yake hushuka hadi takribani sehemu hiyo hiyo ya kumi katika umbali wa mara moja tu ya upana. Bomba la sentimeta 10 lililowekwa sentimeta 10 kutoka kwenye kisahani cha msasa tayari limepoteza karibu nguvu yake yote. Ndiyo maana naona fedha nyingi zinapotea kwa watu wanaotundika kifyonza kikubwa ukutani na kusubiri vumbi likifuate. Halitakifuata. Vumbi hukamatwa pale linapozaliwa, ndani ya umbali wa kiganja, au halikamatwi.

Hapo ndipo jambo dogo la karatasi ya msasa linapokuwa kubwa. Mashine ya msasa ya kuzunguka, hata ile ya bei ndogo, ina matundu kwenye kitako chake, mara nyingi manane, na vumbi linatakiwa kufyonzwa kupitia matundu hayo kabla halijatoka pembeni. Madukani kwetu karatasi za duara zinazouzwa kwa wingi hazina matundu. Muuzaji mmoja aliniuzia pakiti nzima na aliponiona nasita akaniambia kwamba zisizo na matundu zina eneo kubwa zaidi la kusugua. Kwa hesabu ya eneo alikuwa sahihi. Lakini ukiibandika karatasi hiyo umeziba njia zote za hewa, na kifyonza ulichokinunua kwa fedha nyingi kinabaki kikinguruma bila kuvuta kitu. Nilichofanya ni kukata kipande cha plaiwudi chenye matundu yanayolingana na ya kitako, nikaweka karatasi juu yake na kuitoboa kwa msumari mnene uliopashwa moto. Kazi ya dakika moja kwa kila karatasi, na karatasi zenyewe zikadumu zaidi, kwa kuwa unga haukusongamana tena kwenye mchanga wake.

Kifyonza chenyewe kina hila zake. Mifuko ya kitambaa inayokuja na vifyonza vya bei nafuu mara nyingi hunasa chembe za maikroni 30 na zaidi, na zilizo ndogo hupenya kwenye kitambaa na kurudi chumbani, zikiwa zimetenganishwa na zile kubwa zisizo na madhara. Kwa maneno mengine, mashine hiyo inachekecha vumbi na kukurudishia lile baya. Katika nchi za baridi mafundi hulazimika kununua vichujio vya gharama ili hewa iliyopashwa moto irudi ndani. Sisi hatuna moto wa kuokoa. Kifyonza kinaweza kukaa nje ya ukuta, ndani ya kiboksi chenye paa dogo, na bomba lipitie kwenye tundu la tofali. Pipa la plastiki lenye mfuniko, ambalo hewa huingizwa kwa pembeni ili izunguke na kuangusha mzigo wake kabla ya kufika kwenye mota, hunasa sehemu kubwa ya unga na maranda, nalo hutengenezwa na fundi yeyote kwa vifaa vya dukani. Kinachobaki ni swali la jirani. Katika mitaa ambayo ukuta wa mtu ni ukuta wa mwenzake, kutupa hewa nje ni kumhamishia mtu mwingine wavu wa hudhurungi, na hapo kichujio kizuri kinakuwa deni la ujirani.

Tuje kwenye usafi, ambapo naona tumesahau tulichofundishwa utotoni. Hakuna mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye ua wa mchanga ambaye hakuambiwa anyunyize maji kabla ya kufagia. Mtoto huyo akikua na kuwa fundi hufagia karakana kavukavu, au, vibaya zaidi, hushika bomba la kompresa na kupuliza kila kona, akirusha hewani kwa dakika moja vumbi lililokuwa limekubali kutulia. Wanaokataa maji wana sababu, maana mbao na unyevu havielewani. Basi zichukuliwe konzi chache za maranda, zilowekwe kidogo zisichuruzike, zitawanywe sakafuni na kufagiwa pamoja na unga. Unga hushikamana nazo, na sakafu hukauka kabla ya chai kupoa. Kompresa nimeiacha kwa kupulizia rangi na vanishi peke yake.

Barakoa naiweka mwisho kwa makusudi, ingawa kwa mtu asiye na fedha ndiyo ya kwanza kununua. Kitambaa na barakoa za hospitali huacha nafasi pembeni, na hewa hupita pasipo na upinzani. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, inayobana uso pande zote. Haikai vizuri juu ya ndevu, na mafundi wengi wana ndevu ambazo hawatazinyoa kwa ajili ya msasa, wala sioni sababu ya kuwashauri wanyoe. Kwao kufyonza vumbi linapozaliwa si hiari. Na ivaliwe hadi mwisho. Nimewaona watu wanaoivaa mashine inapolia na kuivua inapozimwa, saa ile ile ambayo hewa imejaa kuliko wakati wowote.

MDF inastahili onyo lake. Imetengenezwa kwa nyuzi laini za mbao na gundi ambayo kwa kawaida ina fomaldehaidi, kemikali iliyo katika kundi lile lile la kwanza la visababishi vya saratani, na ukiikata haitoi maranda hata kidogo. Yote ni unga, laini kama wa sembe. Unga huo hauendi bandani kwa kuku wala jikoni. Mfugaji anayekuja na viroba vyake kuomba maranda hawezi kuutofautisha kwa macho, kwa hiyo ni juu ya fundi kuwa na pipa mbili. Na kwa upande mwingine, zipo kazi ambazo randa iliyonolewa vizuri au bapa la chuma la kukwangulia humaliza uso wa mninga kwa mng'ao ambao msasa haufikii, bila kelele na bila vumbi. Sidai kwamba turudi nyuma. Nadai kwamba kabla ya kuwasha mashine mtu ajiulize kama kazi ya dakika tano za mkono inahitaji kweli saa nzima ya vumbi.

Siku hizi napima hewa yangu usiku. Nazima taa, nawasha tochi yenye mwanga mwembamba, naiweka upande wa pili wa mashine ikielekea kwangu, na kuziba balbu yenyewe kwa kipande cha ubao ili isiniumize macho. Mwanga unaopita kwenye vumbi huonyesha kila kinachotoroka, kama lile tundu la bati. Mashine ya msasa sasa haionyeshi kitu isipokuwa ninapoivusha ukingo wa ubao. Raunta ni ya kuridhisha. Msumeno wa meza bado umenishinda: chini ya meza kifyonza kinafanya kazi yake, lakini juu, meno ya msumeno hubeba unga na kuutupa mbele, moja kwa moja kifuani pangu, kwa mstari ulionyooka ninaouona wazi kwenye tochi. Unahitaji kofia ya kufunika meno kwa juu, yenye bomba lake. Nimeshapata bati la kuitengenezea, ila bado natafuta namna ya kuitundika isizuie ubao mpana kupita.